St Helena: Uwanja wa Pauni Milioni 285, Viti 76 na Waya Mmoja Baharini

Tarehe 18 Aprili 2016, Boeing 737-800 ya kampuni ya Comair ya Afrika Kusini, yenye rangi za British Airways, ilikuja kutua kwa mara ya kwanza katika uwanja mpya wa kisiwa cha St Helena, eneo la ng'ambo la Uingereza. Ilitokea kaskazini, ikashuka kuelekea ukingo wa jabali ambako njia ya ndege inaanzia, ikapigwa na upepo ikayumba, rubani akaghairi na kupaa tena. Baadaye aliiteremsha salama, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Uzinduzi uliopangwa mwezi Mei ukaahirishwa, meli iliyokuwa inajiandaa kustaafu ikaombwa iendelee na kazi, na magazeti ya Uingereza yakaubandika uwanja ule jina ambalo halijabanduka hadi leo: uwanja wa ndege usio na faida kuliko wote duniani.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha serikali iliyotumia pauni milioni 285 kujenga mahali ambapo ndege hazitui. Kichekesho kina ukweli wake, ila kinakatiza hadithi pale inapoanza kunoga. Ndege za abiria zilianza ratiba ya kila wiki Oktoba 2017. Wagonjwa wanapelekwa Afrika Kusini kwa saa badala ya siku. Mkongo wa intaneti nao umefika. Kilichogoma kutimia ni ile ahadi iliyotumika kuombea fedha, kwamba kisiwa kikishapata uwanja kitaanza kujitegemea na ruzuku ya London itapungua hadi iishe. Kwa maoni yangu ahadi ile iliharibu hesabu kuliko hata upepo. Kisiwa cha watu wapatao 4,400 katikati ya bahari hakiachi ruzuku, kinabadilisha aina yake tu. Serikali ikishindwa kulikubali hilo mapema, hujenga kwa kipimo cha watalii wa kwenye makaratasi, halafu nauli na bei ya bando zikaachwa zijitafutie.

St Helena ni kisiwa cha volkano katika Atlantiki ya kusini, eneo lake kilomita za mraba 122 hivi, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka pwani ya Angola. Jirani yake wa karibu, kisiwa cha Ascension, yuko kilomita 1,300 kaskazini-magharibi. Umbali huo ndio uliowavutia Waingereza kukigeuza gereza. Napoleon aliletwa huko 1815 akafia huko 1821. Dinuzulu, mtoto wa mfalme wa Wazulu, alifungiwa huko katika miaka ya 1890. Baada yake wakaja maelfu ya mateka Makaburu. Na kuna mfungwa wetu: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar Agosti 1896 na kung'olewa kwa mizinga ya Waingereza ndani ya muda usiofika saa moja. Alikimbilia kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata huko 1916, wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli kabla ya kumruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa 1927. Mahali palipochaguliwa kwa sababu hapatoroki, karne moja baadaye wahasibu wakapatarajia pafikiwe na karibu watalii 30,000 kila mwaka.

Kabla ya uwanja, kila kitu kilipita kwenye meli moja, RMS St Helena, iliyojengwa Aberdeen na kuanza kazi 1990. Ilibeba abiria 150 na ushei pamoja na shehena, na kutoka Cape Town ilitumia kama siku tano baharini. Unga, saruji, barua, dawa, magari, vyote vilikuja nayo. Ilipochelewa, rafu za maduka ya Jamestown, mji mkuu wa kisiwa, zilianza kuonyesha mbao. Jamestown haikuwa na gati la meli kubwa, hivyo meli ilitia nanga nje, abiria wakashushwa kwenye mashua hadi kwenye ngazi za mawe, na hapo mtu alisubiri wimbi liinue mashua, akashika kamba iliyoning'inia juu, akaruka. Wazee nao walipita hapo hapo, na mgonjwa asiyeweza kuruka ilibidi atafutiwe namna ya kuinuliwa. Msafiri wa mara moja aliona burudani. Mwenyeji mwenye uvimbe tumboni, aliyeambiwa na daktari kwamba upasuaji wake hauwezi kufanyika hospitali ya kisiwani, alikuwa anasubiri tarehe ya meli.

Meli ile iliendeshwa kwa ruzuku ya Uingereza mwaka hadi mwaka. Hili nalitilia mkazo kwa sababu mjadala wa uwanja ulianza kana kwamba ruzuku ya usafiri ni jambo jipya. Ilikuwepo siku zote, ila imezoeleka na haikuwa na picha ya kupiga.

Halafu kulikuwa na suala la watu kuondoka. Sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981 iliwanyima wanakisiwa haki ya kuishi Uingereza, na haki hiyo ikarudishwa 2002. Mlango ulipofunguka, vijana walitoka kwa wingi. Sensa ya 1998 ilihesabu zaidi ya watu 5,000. Ile ya 2008 ikahesabu kama 4,250. Kisiwa kikabaki na wazee na watoto, wenye nguvu wako Uingereza, Falkland na Ascension wakituma pesa nyumbani. London ikajiuliza swali la kihasibu: tuendelee kulipia meli na bajeti ya kisiwa milele, au tuweke fedha nyingi mara moja, utalii uje, vijana warudi, mzigo uishe?

Jibu lilichukua muda. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba uwanja utajengwa na kuwa tayari 2010. Mwishoni mwa 2008, dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha, mradi ukasimamishwa. Serikali mpya ya Uingereza ikaufufua 2010, na Novemba 2011 mkataba ukasainiwa na mkandarasi wa Afrika Kusini, Basil Read, kwa pauni milioni 201.5. Gharama nyingine zikafikisha bajeti yote kwenye ile 285 na ushei. Anayelipa alikuwa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa, maana msimamo wa Uingereza ni kwamba mahitaji ya msingi ya maeneo yake ya ng'ambo yanatangulizwa katika fedha za misaada.

Kiuhandisi, kazi ile inastahili heshima. Kisiwa hakina tambarare ya kutosha isipokuwa sehemu moja upande wa mashariki, Prosperous Bay Plain, nayo ilikuwa fupi. Mkandarasi alijaza bonde zima, Dry Gut, kwa mawe na udongo wa karibu mita za ujazo milioni nane, tuta likafika kimo cha mita mia moja, ndipo njia ya ndege ya karibu mita 1,950 ikapata pa kulala. Mitambo ilishushwa Rupert's Bay, ghuba inayofuata baada ya ile ya Jamestown, ambako Julai 2012 meli ya mkandarasi ilifunga gatini moja kwa moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya kisiwa. Kutoka hapo ikachongwa barabara ya kilomita 14 kupanda milimani.

Barabara hiyo ilipita juu ya makaburi. Kati ya 1840 na miaka ya 1860 na kitu, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linakamata meli za watumwa katika Atlantiki na kuwashusha mateka St Helena, Waafrika wapatao 27,000 kwa jumla, wengi wao kutoka upande wa Angola na Kongo. Maelfu, inakadiriwa kama 8,000, walikufa kwa maradhi na udhaifu wakazikwa katika bonde la Rupert's. Wanaakiolojia walipotangulia kusafisha njia, 2007 na 2008, walifukua mabaki ya watu 325. Mabaki yale yakahifadhiwa ghalani Jamestown na hayakuzikwa upya hadi 2022. Uwanja ulikwisha, meli ikastaafu, mkongo ukafika, na wale bado wamo kwenye masanduku. Katika bajeti yenye tarakimu tisa, fungu la kuwarudisha ardhini lilingoja zaidi ya miaka kumi. Ukitaka kujua mradi unapanga vipi vipaumbele vyake, angalia kilichosubiri.

Sasa upepo. Pepo za kusini-mashariki huvuma St Helena karibu mwaka mzima, zinagonga majabali ya mita mia tatu, zinapanda, zinapinduka. Njia ya ndege imelala takriban kaskazini kwa kusini. Rubani anayetua akielekea kusini anakuwa na upepo wa mbele, ambao ndio anaoutaka, lakini katika mita za mwisho anakutana na mabadiliko ya ghafla ya kasi na mwelekeo wake. Akigeuka aje kutoka kusini, hewa imetulia zaidi ila upepo unamsukuma mgongoni, kwa hiyo anahitaji ndege nyepesi au njia ndefu zaidi. Charles Darwin alipita kisiwani 1836. Alisimama ukingoni mwa uwanda ulioishia kwenye jabali, akawaona ndege wa baharini hatua chache mbele yake wakihangaika na upepo mkali, naye pale alipo hewa imetulia kabisa. Miaka 180 baadaye, Kamati ya Bunge la Uingereza ya Hesabu za Serikali, katika ripoti ya Desemba 2016, ilisema inashangazwa sana kwamba idara iliagiza na kukamilisha uwanja kabla ya kujua upepo utaathiri vipi utuaji wa ndege za biashara.

Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo inafaa kuuliza kwa nini ndege iliyokusudiwa ilikuwa 737 toka mwanzo. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza iliianika hesabu yenyewe: watalii 29,208 kwa mwaka ifikapo mwanzoni mwa miaka ya 2040. Bila idadi ya namna hiyo, uwanja usingeonekana unalipa. Na ukishaandika 29,208, huwezi kuwaleta kwa ndege ndogo. Utabiri ndio uliochagua ukubwa wa ndege, ukubwa wa ndege ukachagua njia, nao upepo ukapewa nafasi ya kukataa. Kama swali lingekuwa namna ya kumfikisha mgonjwa, mwanafunzi na fundi Afrika Kusini ndani ya siku moja, mradi ungeweza kuanza na ndege ya ukubwa wa kati tangu siku ya kwanza, na huenda pasingekuwa na kicheko.

Maana ndivyo ilivyokuja kuwa. Oktoba 14, 2017, Airlink ya Afrika Kusini ilianza safari ya kila Jumamosi kutoka Johannesburg kwa ndege aina ya Embraer 190. Ndege hiyo ina viti karibu mia, lakini kwa sababu ya upepo na uzito abiria waliwekewa kikomo cha 76. Lazima ibebe mafuta ya kutosha kurudi bara ikishindikana kutua, kwa kuwa hakuna uwanja wa pili kisiwani. Nauli ya kwenda na kurudi ilianza kwenye takriban pauni 800, wakati mfanyakazi wa kawaida kisiwani alikuwa anapata pauni elfu nane hivi kwa mwaka.

Chukua karatasi upige hesabu. Viti 76 mara wiki 52 ni 3,952. Watalii 29,208 wangehitaji safari zaidi ya saba kila wiki, zote zimejaa, na hapo hakuna mwenyeji hata mmoja aliyepata kiti. Pengo la ukubwa huo hulizibi kwa matangazo ya utalii, hata ukiwa na kaburi tupu la Napoleon, ngazi 699 za Jamestown na kobe Jonathan, aliyeletwa kutoka Shelisheli 1882 na bado yuko hai, anatafuna majani kwenye bustani ya gavana. Ni vivutio vizuri. Vinatosha kwa kisiwa cha wageni elfu chache.

Airlink nayo haikuja kwa kamari. Mkataba wake uliiwekea kinga ya mapato, yaani ndege isipojaa serikali ya kisiwa inafidia, na fedha za serikali ya kisiwa kwa sehemu kubwa zinatoka London. Ruzuku ya meli ikageuka ruzuku ya ndege. Mwenyewe sioni aibu yoyote katika hilo. Aibu ni kuwa na waraka mmoja unaosema ruzuku itakwisha na mwingine unaoiahidi upya.

Na faida je? Hapa ndipo jina la uwanja usio na faida linaponikera. Hata kabla ya safari za ratiba, mwaka 2016, ndege ndogo za wagonjwa zilikuwa zimeshaanza kutua. Kisha 2017, meli ya RMS ikaharibika rafadha, abiria wakakwama Cape Town na kisiwani, na Mei 3 mwaka huo Airlink ikatuma ndege ya kukodi kuwachukua. Uwanja uliochekwa ukaokoa abiria wa meli iliyotakiwa kuufunika aibu. RMS iliondoka St Helena kwa mara ya mwisho Februari 2018.

Mizigo ilibaki baharini. Meli ya shehena, MV Helena, ilichukua nafasi ya RMS katika kubeba vyakula, vifaa na magari kutoka Cape Town, sasa ikifunga kwenye gati jipya la Rupert's Bay. Mtu anayezungumzia usafiri wa kisiwa kwa kutaja ndege peke yake hajawahi kungoja mfuko wa saruji. Mkandarasi Basil Read, aliyekuwa pia na kazi ya kuuendesha uwanja, aliishiwa fedha katikati ya 2018 akaingia kwenye usimamizi wa kuinusuru kampuni, na serikali ya kisiwa ikalazimika kuvunja mkataba na kuunda kampuni yake ya kuusimamia. Mpango wa miaka mingi mikononi mwa kampuni binafsi ukarudi serikalini baada ya mwaka mmoja wa ndege za abiria.

Ukaja ugonjwa wa korona. Machi 2020 safari za Airlink zilisimama. Mwezi uliofuata ilitua ndege ya Titan Airways kutoka Uingereza, Boeing 757, ndege kubwa kuliko ile 737 iliyoyumba 2016, ikileta wahudumu wa afya na vifaa. Kwa karibu miaka miwili ndege za kukodi za kampuni hiyo, zikipitia Ghana, ndizo zilizokiunganisha kisiwa na dunia, kwa gharama ya umma. Kama kungekuwa na meli tu, wauguzi wale wangefika kwa njia gani na lini? Swali hilo halimo kwenye jedwali la watalii.

Intaneti ilikuwa na njia yake tofauti, na kwa kiasi fulani ni hadithi ya kinyume. St Helena haikuwa mgeni wa waya wa baharini. Zanzibar iliungwa na simu ya maandishi kutoka Aden 1879. St Helena ikapata waya wake kutoka Cape Town 1899, vita vya Makaburu vikiwa vimeanza na Waingereza wakihitaji habari haraka. Karne iliyofuata teknolojia ikahamia kwenye setilaiti, na kisiwa kikajikuta nyuma kuliko kilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kisiwa kizima kiligawana kiungo cha setilaiti cha megabiti kumi hivi kwa sekunde: shule, hospitali, serikali na nyumba zote. Simu za mkononi zilianza Septemba 2015. Wakati huo M-Pesa ilikuwa na miaka minane.

Sababu haikuwa uzembe tu. Setilaiti ni ghali, wateja ni wachache, kampuni ya simu ni moja tu kwa leseni ya serikali, na kila megabiti inayoongezwa inagawanywa kwa kaya elfu mbili hivi tu. Bei ikawa juu, vifurushi vikawa na kikomo, na wanaotaka kufanya kazi za mtandaoni wakakata tamaa kabla hawajaanza. Kwa miaka kadhaa matumaini yaliwekwa kwenye mkongo uliopangwa kupita kutoka Afrika Kusini kwenda Amerika. Michoro ilikuwepo, fedha hazikupatikana, mkongo haukulazwa.

Kilichobadilisha mambo ni bahati iliyokutana na maandalizi. Juni 2019 Google ilitangaza mkongo wake mpya wa Equiano, kutoka Ureno kushuka pwani ya magharibi ya Afrika hadi Afrika Kusini, uliopewa jina la Olaudah Equiano, mtumwa aliyejikomboa na kuandika habari zake. Ungepita baharini mashariki ya St Helena. Serikali ya kisiwa ilikuwa tayari imetengewa fungu katika Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, yuro milioni 21.5 kwa St Helena, Ascension na Tristan da Cunha, na ilikuwa imeamua fedha hizo ziende kwenye mawasiliano. Kabla mwaka haujaisha mkataba wa kuchepusha tawi lenye urefu wa kilomita 1,100 na zaidi ukasainiwa. Mwezi mmoja baadaye Uingereza ikatoka Umoja wa Ulaya. Fedha hazikuondolewa, kwa kuwa makubaliano ya kujitoa yaliulinda mfuko ule hadi ufungwe. Kisiwa kilipenya mlango ukiwa unafungwa.

Tawi lilifika nchi kavu Agosti 2021, Rupert's Bay. Mkongo wenye jina la mtumwa aliyepata uhuru ukatia nanga chini ya bonde la makaburi ya watu waliotolewa kwenye meli za watumwa, mwaka mmoja kabla ya wale 325 kuzikwa. Sina haja ya kuongeza neno.

Linganisha miradi hii miwili, na uache ukubwa wa bei pembeni kwa sasa. Uwanja ulibuniwa kuanzia kwenye faida inayotarajiwa, ukarudi nyuma kutafuta kitu cha kuizalisha. Mkongo ulibuniwa kuanzia kwenye kitu kinachopita jirani, swali likawa kuchepusha tu. Hakuna aliyeutaka mkongo ukomeshe ruzuku ya Uingereza. Ulitakiwa ufike, ukafika. Uwezo wake, mamia ya gigabiti kwa sekunde na kuendelea, ni mkubwa mno kwa watu 4,400, na hilo lilijulikana mapema, ndiyo maana serikali ya kisiwa ilianza kutafuta wapangaji wa kukodi nafasi ndani yake kabla waya haujagusa mchanga.

Lakini usifikiri kwamba mkongo ni malaika. Toka waya ufike ufukweni hadi mwananchi aonje kasi yake ilipita zaidi ya miaka miwili. Huduma ilianza Oktoba 2023. Sehemu ya muda huo ni kusubiri mkongo mkuu wenyewe, uliofika Melkbosstrand karibu na Cape Town 2022. Sehemu nyingine ni mambo ya nyumbani: leseni ya kampuni pekee ya simu ilikuwa inaelekea ukingoni, mazungumzo ya nani aendeshe mtandao yakavuta, na nyaya za ndani ya kisiwa zilikuwa za shaba, za enzi ya simu ya mezani. Ruzuku ya Ulaya ililipia kilomita elfu na mia za chini ya bahari. Kilomita chache za kutoka Rupert's Bay hadi sebuleni mwa mtu pale Half Tree Hollow, mtaa wa makazi juu ya Jamestown, hazikuwa na mfadhili mwenye hamu, kwa sababu hakuna waziri anayesafiri kwenda kukata utepe wa kisanduku cha simu ukutani.

Nauli ya ndege ina tabia hiyo hiyo. Uingereza ililipa kujaza bonde la mita mia, kisha ikaacha bei ya tiketi iamuliwe na mkataba wa kinga ya mapato unaomlinda mwenye ndege. Mwenyeji hakuwekewa kinga kama hiyo katika mkataba. Akitaka kwenda kumzika mama yake aliyefia Uingereza, anakata tiketi ya Johannesburg kwa pesa inayozidi mshahara wa mwezi mmoja, halafu anaanza kutafuta ya London. Sehemu ndogo sana ya zile milioni 285, ikiwekwa pembeni kama mfuko wa kupunguza nauli za wakazi, ingebadilisha maisha ya watu wengi kwa muda mrefu. Nchi nyingine zenye visiwa hufanya hivyo: Uhispania huwapunguzia robo tatu ya nauli ya ndani wakazi wa Kanari. Siyo siri wala ugunduzi.

Wanaoutetea uwanja husema vijana wataanza kurudi, na mkongo ukiwepo watafanya kazi za mbali wakiwa nyumbani. Inawezekana. Mimi ningeangalia kwanza bei ya bando na ada ya tiketi kabla ya kuhesabu wanaorudi, kwa kuwa mtu aliyezoea mshahara wa Uingereza hapimi kisiwa kwa megabiti, anapima kwa kinachobaki mfukoni mwisho wa mwezi.

Upande mmoja tu wa hesabu hii umegeuka. Kampuni ya setilaiti za anga la chini, OneWeb, imejenga kituo chake cha ardhini kisiwani, kwa sababu katikati ya Atlantiki ya kusini hakuna nchi kavu nyingi zenye mkongo, na setilaiti zake zinahitaji mahali pa kushushia mawasiliano. Kwa miaka mingi kisiwa kilinunua sekunde za setilaiti kwa bei ya kuuma. Sasa kinaikodisha kampuni ya setilaiti nafasi kwenye waya wake, na fedha inayoingia inasaidia kulipia uendeshaji wa waya huo. Serikali ya kisiwa imesema inataka wapangaji wengine wa aina hiyo. Wakipatikana, swali la kwanza litakuwa iwapo fedha yao itaingia kwenye kapu la bajeti au itashusha bili ya mtu wa Half Tree Hollow.